Kizimba Kikubwa

Mikese si mahali pa kusifiwa na wasafiri. Ni mji mdogo uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na mtu aendaye Morogoro huupita kabla ya milima ya Uluguru kumkabili kwa ukamilifu wake. Reli ya Wajerumani ilipita hapo ilipokuwa ikiikimbilia Morogoro, ambako ilifika katika mwaka 1907. Barabara ya lami ikaja baadaye. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hukata nchi hiyo hiyo kwa kasi isiyompa abiria nafasi ya kuuliza jina la kijiji. Wenyeji hulima mahindi na ufuta, hufuga, huchoma mkaa, na huuza walicho nacho kwa wapitao. Kila kitu hupita Mikese. Watalii waendao Mikumi hupita, malori ya Zambia na Kongo hupita, magunia ya mkaa hupita. Na katika zama zisizo mbali sana tembo nao walipita upande huu, wakitoka pori la Wami-Mbiki lililo kaskazini ya barabara na kuziendea nyanda za Ukutu zilizo kusini, zinazopakana na pori kubwa la Rufiji.

Kati ya vyote hivi vipitavyo, tembo peke yake ndiye ahitajiye ruhusa ya mkulima. Gari halimwombi mkulima njia, na treni haimwombi. Lakini tembo hupita kwa sababu mkulima hakulima mahali fulani, au alilima akavumilia hasara, au aliona nyayo asubuhi akanyamaza asimwambie mwenye bunduki. Jambo hili ni dogo kulitaja na kubwa kulitafakari, maana wengi wanenao juu ya wanyama wa Tanzania hunena kana kwamba mkulima huyo hayupo, au yupo kama mwizi tu.

Wapo watu wenye elimu, na wenye mioyo mizuri vilevile, washikao imani kwamba mnyama wa porini ana adui mmoja, naye ni jirani yake. Kwa imani hiyo usalama wa mnyama una daraja tatu: kwanza mwondoe mwanakijiji, pili weka mpaka na askari, tatu, mambo yakizidi ubaya, mtie mnyama kizimbani au mpeleke ng'ambo akatunzwe na watu wajuao kutunza. Imani hii ni ya zamani. Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika mwaka 1896, naye hakumwuliza mwenyeji yeyote. Na tangu siku ile bendera zimebadilika mara mbili, lakini imani haikubadilika sana.

Historia ya njia itokayo Mikese kwenda Rufiji inatosha kuipima. Waingereza walipoiteka Morogoro mwezi wa Agosti 1916, Mikese ikawa bohari ya vita. Mizigo ya jeshi ilishushwa hapo katika garimoshi na kupelekwa kusini, kwa magari mahali palipowezekana na kwa vichwa vya watu mahali magari yaliposhindwa, kupita Tulo na Duthumi mpaka Kisaki na mbele yake. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vile, kwa njaa, kuhara na homa, na hapana kijito wala kilima kilichopewa jina la mmoja wao. Alikufa pia, pale Behobeho, tarehe 4 Januari 1917, Mwingereza aliyeitwa Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri aliyeua tembo na simba wengi kuliko awezavyo kuwala mtu yeyote. Katika mwaka 1922 pori zima la akiba likapewa jina lake. Mwindaji wa kigeni akawa jina la hifadhi. Mwenyeji aliyeua swala mmoja kwa ajili ya kitoweo akawa jangili. Sehemu kubwa ya pori lile ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere katika mwaka 2019, na jina hilo ni la heshima; lakini kubadili jina la nyumba si kubadili desturi za nyumba.

Basi tuseme wenye imani ile wako katika haki, na kwamba pori lisilo na watu ndilo pori lenye wanyama. Selous ilikuwa pori lisilo na watu. Wenyeji wa upande wa Liwale walihamishwa katika miaka ya 1940 kwa hoja ya malale, na nchi ikabaki tupu kwa ukubwa unaoshinda nchi nyingi za Ulaya. Katika mwaka 1976 tembo waliohesabiwa huko walikaribia 110,000. Miaka ya 1980 ilipokwisha walikuwa wamebaki kama 30,000. Wakaongezeka tena zaidi ya maradufu, kisha hesabu ya mwaka 2013 ikakuta 13,084. Ni mwanakijiji gani aliyekaa mle ndani akawamaliza? Utupu ule ndio uliokuwa kichaka cha mwizi. Meno ya tembo hayaliwi Kisaki wala Mikese. Yalikwenda katika masoko ya mbali, kwa fedha za watu wa mbali, na bunduki nyingi zilizowaangusha hazikununuliwa kwa faida ya ufuta. Hapana haja ya kukana kwamba baadhi ya vijana wa vijijini walitumika, mmoja kuonyesha njia na mwingine kubeba. Walitumika kwa ujira mdogo katika nchi ambayo mnyama aliye hai hakuwaletea hata ujira huo mdogo.

Na pale tembo walipoongezeka, sababu zilikuwa nyingi: katazo la dunia juu ya biashara ya pembe la mwaka 1989, doria zilizopewa nguvu, na mpango wa hifadhi ya Selous ulioanza mwaka 1988 kwa msaada wa Wajerumani. Mpango huo ulifanya jambo lililokuwa geni wakati ule. Uliviendea vijiji vilivyopakana na pori, ukavitaka vichague askari wao, na ukavipa haki ya kuwinda idadi fulani ya wanyama kila mwaka kwa ajili ya nyama yao wenyewe. Jangili wa jana akawa mgawaji wa nyama halali mbele ya mkutano wa kijiji. Wanaosema kwamba mwanakijiji hawezi kulinda wasiipite habari hii kwa haraka.

Ama kizimba, hiki nacho kina mawakili wake, na si haki kuwapinga kwa jumla kabla ya kusikiliza kesi yao iliyo bora. Kesi hiyo ni ya chura wa Kihansi. Katika korongo la mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa kidole gumba, azaaye watoto badala ya kutaga mayai, aishiye katika rasharasha za maporomoko yale na pasipo pengine popote duniani. Mto ulipozuiwa kwa ajili ya umeme, rasharasha zikakoma karibu zote. Katika mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwa ndege mpaka Bronx, New York. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa korongoni, lakini ugonjwa wa ukungu ukaingia, na katika mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo hayupo tena katika maumbile yake. Aliishi kizimbani peke yake. Katika mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wengine wakarejeshwa korongoni kwao.

Hapa kizimba kilifanya kazi ya hospitali, na mtu mwenye akili hakatai hospitali. Lakini yatazamwe masharti yake. Mnyama aliingizwa kwa sababu nyumba yake ilibomolewa. Aliwekwa kwa ajili ya kurudi. Na mlango wa kurudi uligharimu kazi na fedha kupita mlango wa kuingia. Wala isisahauliwe kwamba aliyebomoa hakuwa mwanakijiji mwenye panga. Lilikuwa shauri la wahandisi na mabenki makubwa, lenye mihuri yote. Anayelitumia jina la chura wa Kihansi ili kuhalalisha kila kizimba analitumia jina la mgonjwa aliyepona kuhalalisha kila gereza.

Kuna kizimba cha aina nyingine hapo hapo Morogoro, nacho kinastahili kutajwa kwa kuwa kinafundisha. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya buku ni mwizi wa ghala, ajulikanaye hivyo na kila mkulima. Na mwizi huyu, baada ya kufundishwa kwa subira na ndizi, amewatafutia mabomu watu wa Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020, akastaafishwa mwaka 2021, na alipokufa Januari 2022 magazeti ya dunia yaliandika tanzia. Hapana ubaya katika jambo hili. Mnyama alilishwa, alitibiwa, alifanya kazi kwa saa chache na akapewa uzee wa raha. Ila mtu aweza kuuliza kwa sauti ya chini: askari wa wanyamapori wa kijiji, aliyelala porini kwa posho na bila viatu vya maana, posho ilipokoma alipewa nishani gani?

Vizimba visivyo vya hospitali wala vya kazi ni vya biashara na maonyesho, na hivi ndivyo vilivyo vingi. Mnyama huyu hutolewa porini asirudi. Mwezi wa Novemba 2010, katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, wanyama na ndege zaidi ya mia moja, twiga wanne wakiwamo, walipakiwa katika ndege kubwa ya jeshi la nchi ya kigeni na kupelekwa Qatar. Twiga hafichiki katika mfuko wa koti. Alipita mikono mingi, macho mengi na makaratasi mengi, na katika mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mtu mmoja, mgeni, kifungo cha miaka 60, naye alikuwa amekwisha kutoroka. Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016, na ilifanya vema. Mwezi wa Juni 2022 ruhusa ya muda ikatangazwa ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki nao, na kelele za watu zikaifuta ruhusa hiyo karibu kabla wino haujakauka. Jambo moja katika shauri lile lilisahauliwa na pande zote mbili. Wafanyabiashara walidai hasara yao, na wapenda wanyama walidai heshima ya taifa. Hakuna aliyeuliza kinyonga wa Uluguru au ndege wa Wami alitolewa katika ardhi ya kijiji gani, na kijiji hicho kilipata nini.

Sheria ya mwaka 2009 yasema wazi kwamba wanyama wote ni mali ya umma, naye Rais ameshika amana kwa niaba ya wananchi. Neno amana ni neno zito kwa Mswahili. Mwenye kushika amana hutoa hesabu kwa mwenye mali. Hesabu hiyo husomekaje kwa mtu wa Mikese?

Aende Mikumi, ambako barabara ile ile ipitayo mlangoni pake hukata hifadhi kwa mwendo wa kilomita 50. Atakuta ubao unaomwonya dereva na kumtajia faini ya kila mnyama atakayegongwa, moja moja, kwa dola za Marekani, na kwa tembo na twiga faini hiyo ni ya maelfu. Ni ubao mzuri. Madereva wa barabara ile hawajui upole mwingine. Kisha asome kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Mtu aliyeuawa na tembo, jamaa zake waliwekewa shilingi 1,000,000. Aliyelemazwa maisha, 500,000. Shamba lililoliwa lilihesabiwa kwa eka, lisizidi eka tano, na kwa kiasi kisichotosha kununua chakula cha msimu. Majina yenyewe yanasema kweli ambayo labda hayakukusudia kuisema: jasho hufutwa na machozi hufutwa, lakini deni halilipwi. Serikali iliahidi mara kwa mara kuvitazama upya viwango hivyo. Mjane haishi kwa ahadi ya kutazamwa upya, na mwanakijiji ajuaye hesabu hahitaji kufundishwa ni nani mwenye thamani kubwa katika daftari la nchi yake.

Hapo ndipo habari ya Wami-Mbiki inapoanza kueleweka. Baada ya sera ya mwaka 1998 na kanuni za mwaka 2002, vijiji 24 vya wilaya za Bagamoyo, Morogoro na Mvomero vilitoa sehemu za ardhi yao ili ziwe eneo moja la hifadhi ya jumuiya. Neno ni vilitoa. Halikuwa pori la serikali lililoazimwa kwa vijiji. Ilikuwa ardhi ya vijiji iliyotolewa kwa wanyama. Wawindaji wa Denmark walisaidia kwa fedha na mafunzo, askari wakachaguliwa, doria zikaenda. Msaada ulipokwisha askari hawakulipwa, na mwanya ukaonekana. Ng'ombe wakaingia, mashamba yakaingia, tanuri za mkaa zikaingia, na waliongia hawakuwa wote wageni; uongo hausaidii kesi njema. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 eneo hilo likafanywa pori la akiba chini ya mamlaka ya serikali kuu. Na wenye imani ile ya kale wakatikisa vichwa wakasema: hamkuona? Mwanakijiji amejaribiwa, ameshindwa.

Alijaribiwa kwa kipimo gani? Alipewa wajibu wote wa kulinda, na kwa muda mrefu hakupewa uwezo wa kumchagua mwindaji wa kukodi kitalu chake mwenyewe. Shauri hilo lilikatwa wizarani, na fedha zilipita mikono mingine kabla ya kufika kijijini, zikifika. Aliambiwa asichome mkaa, ilhali Dar es Salaam yote ilipika kwa mkaa na kuufuata kwa malori usiku. Ni nani mlaji wa msitu, yule auchomaye kwa bei ya gunia au yule apikaye pilau yake ghorofani akilaani uharibifu wa mazingira? Taasisi ya serikali ikikosa fedha huongezewa bajeti na husemwa kuwa inakabiliwa na changamoto. Jumuiya ya vijiji ikikosa fedha hunyang'anywa ardhi na husemwa kuwa haifai. Kama kushindwa kulinda kungekuwa sababu ya kunyang'anywa, Selous ya mwaka 2013, iliyobakiwa na tembo 13,084, ingekwisha kukabidhiwa kwa mabibi wa Kisaki.

Wenye kujibu hoja hii husema kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba pori la akiba lenye askari wenye silaha ni afadhali kuliko jumuiya isiyo na kitu. Huenda kwa mwaka mmoja au miwili ni afadhali. Lakini tembo hasomi tangazo la serikali. Wami-Mbiki ni ndogo kwake. Alikuwa tembo wa nchi pana kwa sababu aliweza kutoka, akavuka barabara na reli kati ya mashamba, akafika Ukutu na kurudi. Ushoroba huo sasa umebanwa na barabara, na reli ya zamani, na reli mpya yenye uzio, na mashamba, na viwanja vinavyopimwa mwaka hadi mwaka kwa kuwa mji wa Morogoro unatambaa kuja mashariki. Siku njia hiyo itakapozibwa kabisa, Wami-Mbiki, pamoja na mipaka yake na askari wake na ramani zake, itakuwa kizimba. Kitakuwa kikubwa kuliko vya Bronx, na maji yake yatakuwa ya mto, lakini mnyama aliye ndani atazaliana na jamaa zake wale wale, na ukame ukija hatakuwa na pa kwenda ila shambani mwa mtu, na huko atapigwa risasi kwa jina la mnyama mharibifu.

Wala njia hiyo haimo katika pori la akiba. Imo katika ardhi ya vijiji na mashamba ya watu. Hapana askari wa kutosha Tanzania nzima wa kusimama katika kila shamba la mahindi usiku. Kanuni za mwaka 2018 zimempa waziri uwezo wa kuitangaza njia kama hiyo kuwa ushoroba, na huenda siku moja mtu atakuja na gari jeupe na mawe ya mpaka. Akianza na mawe, atakuta mawe yamepandiwa ufuta msimu ujao.

Aanze na mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuupa sauti. Aje na hesabu, si na hotuba: kila mwaka kijiji kitapata kiasi gani kwa kila eka itakayoachwa wazi, ni nani atakayelipa, na italipwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna. Aseme askari wa kijiji wataajiriwa kwa mshahara au kwa posho. Aseme mwenye shamba lililoliwa atangoja siku ngapi. Wazee watamsikiliza, na wanawake, ambao kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wao, watauliza maswali magumu kuliko wazee. Huenda watakataa mara ya kwanza. Basi arudi nyumbani akaongeze kiasi, kama afanyavyo kila mtu anayetaka kupita katika shamba lisilo lake.